Spika Zisizojua Kuomboleza

Loisi Haonga,
Mratibu wa Kitengo cha Kilio,
Umoja wa Kuzikana Mtaa wa Juu,
Mlowo.

Kwa Mzee Yesaya Mwazembe,
Mwenyekiti wa Umoja,
Hapa hapa mtaani.

YAH: OMBI LA KURUDISHWA SPIKA ZA KOMPYUTA NA KUONDOLEWA MONITA ZA STUDIO KATIKA MISIBA YOTE YA UMOJA

Ndugu Mwenyekiti,

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini nitaeleza tena, kwa kuwa siku hizi ukiniona njiani unavuka barabara, na upande wa pili hakuna duka wala mtu unayemwendea.

Natumaini u mzima wa mwili. Wa moyo sitauliza, maana najua. Pole tena kwa kuondokewa na Jenista, ambaye kwako alikuwa mke na kwangu alikuwa Mratibu Msaidizi. Misiba yote ya mtaa huu tumeikalia mkeka mmoja, yeye kushoto, mimi kulia, tangu enzi tukiwa na nguvu za kulia kutwa nzima bila kuomba maji.

Kwa faida ya wajumbe ambao hawakuwepo, nieleze kilichotokea. Umoja wetu una utaratibu wa kurekodi kila msiba, na kazi hiyo tumempa kijana wetu Seleman mwenye studio Tunduma. Kabla familia haijakabidhiwa, kamati husikiliza kwanza kama kila kitu kimekaa sawa. Miaka yote tulisikiliza kwa zile spika mbili ndogo za kompyuta zenye taa ya bluu, na kila msiba ulitoka mzuri. Safari hii, kwa msiba wa Jenista, tukamkuta Seleman amevuka mpaka kwenda Nakonde na kurudi na spika kubwa nyeusi anazoziita monita za studio. Akaziwasha. Na katikati ya kilio kikuu, pale ambapo mtaa mzima unalia kwa pamoja, ikasikika sauti yangu, safi, kama niko chumbani, ikisema hivi:

"Jenista weee, umetuacha na nani weee, Marita punguza kuni maharage yanaungua weee, dada yangu weee!"

Ulisimama ukatoka bila kuaga, nayo kamati ikakufuata. Tangu siku hiyo inasemwa mtaani kwamba Loisi aliyalilia maharage. Nasikia kikao cha Jumamosi kina ajenda mbili: kwanza, Umoja ubaki na spika zipi, pili, kama mimi nastahili kukaa mbele kwenye arobaini ya Jenista. Naandika ili ajenda ya kwanza iamuliwe kwa busara, na ya pili ife yenyewe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kilio ni kazi, na kazi ina maagizo yake.

Watu wanadhani mtu akifiwa anafungua mdomo tu na sauti inatoka. Hapana, Mwenyekiti. Kuna kufungua, kuna kuita jina, kuna kuuliza swali lisilo na jibu, kisha kuna kushusha ili wenzako wapokee. Ndani ya kule kushusha ndimo Mratibu anamopitisha maagizo ya shughuli, kwa sauti ile ile ya kilio, ili ibada isivurugike. Ndivyo tulivyoyakuta kwa mama zetu. Jenista mwenyewe alikuwa fundi wa jambo hilo kunizidi. Kwenye msiba wa baba yake Boazi alilia, "Baba weee, taa ya nyumba weee, ng'ombe wa Simbeye yumo kwenye mahindi weee," na vijana wakatoka mbio kimya kimya, mahindi yakapona, na hakuna hata mmoja aliyesema Jenista amelilia ng'ombe.

Sasa nauliza kwa heshima: ningefanyaje? Ningeacha kilio niende jikoni, mngesema nimemkimbia marehemu kwa ajili ya chungu. Ningenyamaza, mtaa mzima pamoja na wageni wa Ivuna waliotuletea chumvi yao mngekula mkaa, na msiba wa Jenista ungekumbukwa kwa harufu. Jenista huyu huyu, ambaye alikuwa hawezi kuona sufuria imeinama bila kuinyoosha! Nina hakika angekuwa na namna, angeamka aseme mwenyewe.

2. Spika za kompyuta zina adabu.

Nimelichunguza jambo hili kwa kina kuliko fundi. Spika za kompyuta zina mdomo mdogo. Zinatoa kile kinachotoka kwa urahisi, yaani kilio chenyewe, na yale madogo madogo zinayaacha nje. Tena ile ya kushoto haijawahi kutoa sauti tangu inunuliwe, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote.

Monita hazichagui. Nilimuuliza Seleman kwa nini mtu anunue spika ya kumuumbua. Akanijibu kwa upole, maana ni kijana aliyelelewa: "Mama, hizi hazijui kubembeleza. Sauti ikiwa mbaya zinakupa mbaya vile vile, ili fundi aione airekebishe. Zile ndogo zinakudanganya kwamba kazi imekaa vizuri." Nikamwambia mwanangu, kitu kisichojua kubembeleza kinafuata nini msibani?

Mwenyekiti, tuambiane ukweli. Kila kitu msibani kinapambwa. Jeneza linapigwa vanishi. Marehemu anavalishwa suti aliyoikwepa maisha yake yote. Wasifu unasomwa kwamba alikuwa mpenda watu na mpatanishi, nasi tuliowahi kukimbizwa naye kwa panga juu ya mpaka wa shamba la kahawa tunatikisa vichwa na kusema ni kweli. Sasa kwa nini sauti peke yake ndiyo itembee uchi mbele za watu?

3. Sikuumbuliwa peke yangu, ila ni mimi peke yangu niliyewekwa kwenye ajenda.

Naomba kumbukumbu za kikao zionyeshe pia haya yafuatayo, ambayo monita ziliyatoa siku ile ile. Kwamba katika besi ya kwaya yetu, ile safu ya wanaume wenye vifua tunayojivunia mpaka Vwawa, anayeimba ni Boazi peke yake na wengine wote wanafungua midomo. Boazi tangu ajue hilo hashikiki, anatembea katikati ya barabara. Kwamba Katibu wetu, Mzee Hezron, alipokuwa akisoma wasifu, tumbo lake lilikuwa likimjibu kila anapofika kwenye nukta. Kwamba yule mkwe wa Isongole aliyejitupa juu ya jeneza mpaka akashikwa na watu wazima, pale chini alipojitupa alikuwa akimuuliza mkewe kama gari la mwisho limeshapita.

Aliyeonekana hana doa ni mmoja tu, yule mama wa Nakonde aliyekuwa akilia, "Mayo! Mwe bantu! Mayo!" yaani anamwita mama na watu kwa lugha ya kwao. Yeye monita zilimsafisha kabisa. Alilia mwanzo mwisho bila kuchanganya neno lingine lolote, na kamati ikamsifu. Baadaye ikajulikana kwamba alikosea nyumba. Msiba wake ulikuwa Tunduma.

Kuhusu kilichosikika wewe ulipopiga magoti mbele ya jeneza sitaandika. Nitasema tu kwamba hayo magoti yapakwe mafuta.

4. Suala la kiti.

Hili wajumbe wanalikwepa. Monita zinataka ziwekwe juu ya viguzo, zilingane na masikio ya msikilizaji, zisiguse ukuta, na msikilizaji akae mahali pamoja tu katikati, zikimtazama kutoka pande mbili kama wazee wanaomhoji mchumba. Kwa hiyo kwenye ile studio yenye matrei ya mayai ukutani kuna kiti kimoja cha kusikia sawasawa, na kamati ina watu wengi. Mzee Hezron alikikalia akakataa kunyanyuka, akisema anaendelea kuthibitisha. Waliobaki pembeni walisikia kila mtu lake. Mjumbe Imelda aliyesimama kwenye kona alisikia ngurumo tupu na ameandika kwenye ripoti yake kwamba siku ya msiba mvua ilinyesha. Mvua haikunyesha. Ilikuwa sauti ya Boazi.

Katiba ya Umoja inasema wajumbe wote ni sawa. Spika za kompyuta zinaheshimu katiba, maana ukikaa popote pale husikii vizuri.

5. Wanachama wameacha kufa.

Hapa naomba usome taratibu. Mzee Alinanuswe, mwanachama wetu wa muda mrefu, alikuwa hoi kitandani. Alikuwa amefikia hatua nzuri, kiasi kwamba kitengo cha kuni kilikuwa kimeshaanza kupasua, nami nilikuwa nimempangia kilio cha daraja la juu. Zikamfikia habari za monita. Akauliza kwa sauti ya chini kama na yeye msiba wake utasikilizwa kwa hizo. Mwanawe akamwambia ndiyo, baba, kila msiba. Mzee akaomba uji. Sasa hivi tunavyoandikiana yuko shambani anapalilia kahawa, na kuni za Umoja zinaliwa na mchwa.

Nafurahi kwa ajili ya familia yake. Lakini kama kiongozi lazima niulize: Umoja wa kuzikana ambao wanachama wake wanakataa kufa unaelekea wapi? Tumewapoteza wanachama wengi kwa njia ya kufa na tukaendelea. Hatujawahi kujaribiwa kwa njia ya kupona.

6. Leo msiba, kesho wapi?

Tukizikubali msibani, hazitaishia msibani. Zitaenda harusini, na ile pumzi anayoivuta bibi harusi kabla ya kusema "ndiyo" itasikika mpaka kwa wakwe. Zitaenda kwenye mkutano wa mtaa, na kiongozi akisema "suala lenu tumelipokea" itasikika pia ile kalamu ambayo haikuandika kitu. Zitaenda mpakani Tunduma, ambako dereva wa lori akiulizwa amebeba nini hujibu "mbao", na jibu hilo limewatosha watu wengi kwa amani. Siku wakianza kulisikiliza jibu hilo kwa monita, foleni ya malori itarudi nyuma mpaka Mlowo, ipite mlangoni kwangu, nami mahindi yangu nimeyaanika kando ya lami.

Nimelitafakari hili hata kanisani. Naamini Mwenyezi Mungu, ambaye anasikia vyote, kwa huruma yake ameamua kutusikiliza kwa spika za kompyuta. Zile sala zetu za jioni, tunazosali huku tunawaza nani hakufunga banda, zinamfikia kama sala. Angetumia monita, mtaa huu usingekuwepo.

Kwa hayo yote naomba kamati iamue ifuatavyo:

(a) Spika za kompyuta zirudishwe kazini haraka, ikiwemo ile ya kushoto.

(b) Monita zifunikwe blanketi zito na zitunzwe mahali pakavu, au zitolewe zawadi kwa ule umoja wa mtaa wa chini, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakijigamba kwamba wanalia kutuzidi. Tutaona.

(c) Marita wa jikoni apewe barua ya pongezi, kwa sababu alisikia agizo, akapunguza kuni, na maharage hayakuungua. Wewe mwenyewe ulirudia sahani.

(d) Niachwe nikae mbele kwenye arobaini ya Jenista, upande wangu ule ule wa kulia. Upande wa kushoto asikae mtu. Hili la mwisho siliombi kama Mratibu. Mwenyekiti, unaweza kuninyang'anya cheo na kitengo na hata mkeka, nao ni wa kwangu, lakini ukiniambia sikumlilia mke wako umenionea, na limeniuma kuliko unavyofikiri.

Nasubiri majibu kwa maandishi, kwa kuwa kwa mdomo umegoma. Msalimie mama yako mzazi, wasalimie watoto wote na wajukuu, hasa yule anayefanana na bibi yake mpaka kwenye kukunja uso. Msalimie Mzee Hezron na tumbo lake. Msalimie Boazi akikupa njia upite. Msalimie Seleman ukienda Tunduma, lakini spika zake usizisalimie.

Ni mimi, niliye bado kazini mpaka nitakapoambiwa vinginevyo,

Loisi Haonga,
Mratibu wa Kilio.

Nakala: Katibu Hezron; mjumbe Imelda (arekebishe habari za mvua); Marita wa jikoni; fundi Seleman.

Nyongeza: Shemeji, barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Nilipanda gari kumpelekea Seleman nakala yake. Nikamkuta kazini, akaniambia, "Mama, kaa hapo kwanza," nikakaa kwenye kile kiti, si kwa kupenda, ni miguu tu ilikuwa inauma. Akasema kuna kipande cha mwisho ambacho kamati haikukisikia kwa sababu mlitoka kwa hasira. Kumbe baada ya mazishi, watu walipokwenda kunawa, alisahau maiki moja ikining'inia kwenye msumari nyuma ya nyumba yako, nayo ikaendelea kurekodi.

Alikipiga kwanza kwa zile spika ndogo, kwa kuniheshimu. Hapakuwa na kitu, kuku tu. Nikamwambia futa, huo si msiba. Akasema subiri mama, akawasha monita.

Kuna mtu anakunja turubai. Unasikia linavyokwaruza chini. Lile turubai kubwa la Umoja, unalijua, mtu mmoja haliwezi, na kila msiba ukiisha tulikuwa tunalikunja sisi wawili. Kisha yule mtu anasema, kawaida tu, kama anavyosema siku zote, "Jenista, shika huko." Halafu kimya. Halafu ndiyo analia. Hakuna kufungua, hakuna kuita jina, hakuna kushusha, ni sauti ndogo mbaya inayokatikakatika, hata sikuitambua. Nikamuuliza Seleman ni nani huyo anayelia vibaya hivi. Akasema, "Ni wewe, mama."

Nilibisha. Mratibu hawezi kulia namna ile, hakuna hata pa kupokelea. Lakini turubai nakumbuka sikulimaliza kulikunja, nililiacha pale chini, asubuhi yake mkalaumu vijana.

Kwa hiyo yale yote niliyoandika huko juu, kuanzia namba moja mpaka sita, fanya unavyoona. Ila monita zisiondoke kabla hujaenda. Nenda peke yako, Hezron asikutangulie kwenye kiti. Mwambie Seleman akupigie kile kipande, na usikubali akupigie kwa zile ndogo, shemeji. Kwa zile utasikia kuku tu.